Riwaya ya Kertész na swali tusilopaswa kumuuliza manusura

RIPOTI ya wafungwa wa kambi ya Buchenwald, Ujerumani, ya Februari 18, 1945 yasema kwamba mfungwa nambari 64,921 alikuwa ameaga dunia. Alikuwa Myahudi kutoka Hungaria, mzaliwa wa 1927, mfanyakazi wa kiwandani. Jina lake lilikuwa Imre Kertész.

“Marehemu” huyo aliishi miaka mingine 71. Mnamo 2002 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, akawa Mhungaria wa kwanza kuipata kwa uandishi wake. Katika hotuba yake mjini Stockholm alisimulia jinsi mkurugenzi wa makumbusho ya Buchenwald alivyomtumia nakala ya ripoti hiyo. Kilichomvutia si kifo chake pekee. Mwaka wa kuzaliwa ulikuwa si sahihi, kwa sababu alizaliwa Novemba 9, 1929. Kazi nayo haikuwa sahihi, kwa kuwa alikuwa mwanafunzi. Mvulana yule alijiongezea miaka miwili ili asihesabiwe miongoni mwa watoto, na akajiita mfanyakazi ili aonekane ana manufaa. Uongo wa mtoto ukamwokoa, kisha uongo wa karani ukamzika.

Nimeanza na ripoti hii kwa sababu inatuingiza moja kwa moja katika riwaya ninayotaka tuijadili leo. Kwa Kihungaria inaitwa Sorstalanság, na ilitoka mwaka wa 1975. Wengi wetu tusiojua Kihungaria tumeisoma kwa Kiingereza, hasa katika tafsiri ya Tim Wilkinson ya 2004, Fatelessness. Ni riwaya ya mvulana aliyenusurika katika kambi za Wanazi. Lakini hoja yangu ni kwamba nguvu ya riwaya hii haimo katika mateso yanayosimuliwa. Imo katika namna mvulana anavyokataa kuyaita mateso hayo kwa majina ambayo sisi wasomaji tumemtayarishia. Na jambo hilo, msomaji wangu, linatuhusu sana sisi tunaosoma, kuandika na kutafsiri kwa Kiswahili.

Kwanza tuiweke hadithi mahali pake. Majeshi ya Ujerumani yaliingia Hungaria Machi 19, 1944. Kati ya katikati ya Mei na mapema Julai mwaka huo, Wayahudi zaidi ya 430,000 walisafirishwa kutoka nchini humo kwa magari ya moshi, wengi wao hadi Auschwitz, katika ardhi ya Poland iliyokuwa imetekwa na Wajerumani. Wengi waliuawa siku waliyofika. Kazi hiyo haikufanywa na Wajerumani peke yao. Polisi, askari wa mashambani na makarani wa Hungaria ndio waliokusanya watu, wakawahesabu na kuwapakia katika mabehewa. Jumla ya Wayahudi waliouawa na Wanazi na washirika wao kote Ulaya ni takriban milioni sita, na kati yao watoto ni kama milioni moja na nusu.

Mhusika mkuu wa Kertész anaitwa György Köves. Ana umri wa miaka 14, anaishi Budapest, wazazi wake wametengana. Riwaya inaanza siku anapopewa ruhusa ya kutokwenda shuleni kwa sababu babake ameitwa kufanya kazi za kulazimishwa. Baadaye mvulana mwenyewe anapata kazi katika kiwanda cha mafuta nje ya jiji. Asubuhi moja, akiwa njiani kwenda kazini, polisi anasimamisha basi na kuwashusha Wayahudi wote. Anangoja pamoja na wenzake, wanacheka, wanafanya mzaha. Kutoka hapo wanapelekwa kwenye kiwanda cha matofali, kisha behewani, kisha Auschwitz. Siku tatu baadaye anahamishiwa Buchenwald, kisha Zeitz, kambi ndogo ya kazi iliyokuwa chini ya Buchenwald. Huko anakonda, goti linaoza, na anarudishwa Buchenwald akiwa nusu mfu.

Ukiyasoma mambo haya katika muhtasari kama huu, utadhani unaijua riwaya. Hapo ndipo tunapokosea, na mtindo wetu wa kuhakiki vitabu vya shule umetuzoesha kosa hilo: dhamira hii, maudhui yale, sifa tano za mhusika, mbinu za lugha kumi, tumemaliza! Riwaya hii ukiihakiki hivyo itakuponyoka kama kambare. Yote yaliyomo yamo katika usimulizi.

György anasimulia kwa nafsi ya kwanza, lakini msimulizi huyu hajui tunachokijua. Anaposhuka behewani Auschwitz anawaona wafungwa waliovaa nguo za mistari, na anawachukulia kuwa wahalifu. Anajiuliza wametenda kosa gani. Wajerumani anawaona nadhifu na watulivu. Wafungwa wale wanawanong’oneza wavulana waseme wana miaka 16, naye anasema hivyo bila kuelewa ni kwa nini. Mbele ya daktari anayewachambua watu, huyu upande huu na yule upande ule, György anavutiwa na kazi yenyewe, na muda si muda anaanza kuwapima wenzake kwa jicho la daktari: huyu anafaa, yule mzee mno. Sisi wasomaji tunajua upande ule unaelekea wapi. Yeye hajui. Kinaya cha riwaya kinakaa katika pengo hilo kati ya tunachojua na anachojua, na ni kinaya kinachouma kuliko kilio chochote.

Jioni ya siku hiyo hiyo anaanza kufahamu maana ya bomba la moshi na harufu inayotoka humo. Hapigi mayowe. Anajaribu kuwaza jinsi mpango ule ulivyotungwa: waungwana wenye suti na nishani wamekaa pamoja, mmoja akapendekeza gesi, mwingine akaongeza bafu, wa tatu sabuni, wa nne maua. Analalamika kwamba shuleni walifundishwa mambo mengi yasiyofaa, ilhali walipaswa kufundishwa habari za Auschwitz tangu mwanzo. Msomaji anataka kucheka, halafu anajionea aibu.

Kuna neno moja ambalo mvulana huyu halichoki. Kwa Kihungaria ni természetesen. Kila jambo linalotisha analipachika neno hilo, kama mtu anayeeleza ratiba ya shule. Ukitafsiri kwa Kiswahili utaandikaje? “Bila shaka” litaelekeza akili kwenye uhakika. “Kwa kawaida” litaelekeza kwenye mazoea. Mimi ningechagua msemo wa vinywani mwetu, “kawaida tu”, kwa sababu una ule ubaridi wa mtu anayekuambia usishtuke. Mtu hupigwa akianguka kazini, kawaida tu. Mkate hupunguzwa, kawaida tu. Hakuna tamko la kulaani unyama ambalo lingetuonyesha vizuri zaidi jinsi unyama unavyozoeleka.

Sasa tuje kwenye lugha yetu. Kwa Kiswahili mahali alipopelekwa mvulana huyu tunapaita “kambi ya mateso”. Ni jina zuri, na nadhani lina ukweli kuliko la Kijerumani. Konzentrationslager maana yake ni kambi ya kukusanyia watu tu. Hilo ni jina la ofisini, limeoshwa mikono. Kiswahili kilikataa kudanganywa. Kiliitazama kambi, kikaiita kwa kile kilichotendeka ndani yake. Sina shida na hilo katika kitabu cha historia au katika habari za gazeti.

Lakini mtafsiri wa Kertész atafanya nini? Akiandika “kambi ya mateso” katika sura ya nne, mvulana anaposhuka behewani, atakuwa ameivunja riwaya yote kwa maneno matatu. Jina limeshatoa hukumu kabla ya mvulana kufungua macho. György hajafika kwenye “kambi ya mateso”. Amefika mahali penye uwanja wa mpira, bustani, foleni na watu wanaoonekana kujua wanachofanya. Ningemshauri mtafsiri aandike “kambi” pekee, na aache mateso yamfikie msomaji kwa mwendo ule ule yalivyomfikia mtoto.

Hili si suala la msamiati tu. Kertész mwenyewe amelitia katika kurasa za mwisho za riwaya. György anarudi Budapest mwaka wa 1945. Kwenye tramu kondakta anamdai tiketi, naye hana. Mwandishi wa habari anamlipia, kisha anaanza kumhoji. Anataka asimulie jehanamu ya kambi. Mvulana anamjibu kwamba jehanamu haijui, hajawahi kufika huko. Anachokijua ni kambi. Anapobanwa zaidi aeleze tofauti, anasema kwamba yeye huiwazia jehanamu kama mahali ambapo mtu hawezi kuchoshwa na uvivu wa kungoja. Kambini, hata Auschwitz, hilo liliwezekana. Mwandishi anabaki kinywa wazi. Amekuja na neno lake mfukoni, na manusura amekataa kulivaa.

Tusimcheke mwandishi huyo. Ni mtu mwema, na nia yake ni njema. Lakini ni sisi. Kila mara maikrofoni inaposogezwa mdomoni mwa mtu aliyeokoka moto, mafuriko au mapanga, na swali likawa “ulihisi vipi?”, mara nyingi jibu huwa limeshaandikwa na muulizaji. Aliyenusurika anatakiwa alie mahali fulani, ashukuru mahali fulani, kisha tufunge taarifa. Asipofanya hivyo tunasema ameathirika akili. Katika kanda yetu, ambako neno “kimbari” lilienea vinywani mwa watu kwa sababu ya Rwanda ya 1994, tuna kila sababu ya kujifunza kusikiliza ushahidi usiokaa sawa na matarajio yetu.

Baada ya mwandishi, György anakutana na majirani wawili wazee wa jumba walimokuwa wakiishi. Wanamweleza yaliyopita nyuma yake: babake amefia katika kambi ya Mauthausen, mamake wa kambo ameolewa tena. Wanasimulia kwamba nyota ya manjano “ilikuja”, kisha jambo hili likaja, kisha lile likaja. Mvulana anakasirika, na nadhani ni mara ya kwanza tunamwona akikasirika kweli. Anawaambia kwamba mambo hayakuja tu. Sisi nasi tulikwenda. Kila mtu alipiga hatua zake, katika foleni, dakika baada ya dakika. Wazee wanadhani anawalaumu wahanga. Silo analosema. Anadai apewe miaka yake, iwe yake, asiambiwe kwamba maisha yake yalikuwa mvua iliyomnyeshea.

Hapa Kiswahili kina jambo la kusema. Lugha yetu ni hodari wa kusema kama wale wazee. “Yametufika.” “Yaliyomkuta.” “Yamempata makubwa.” Katika misemo hii mambo ndiyo yanayotembea na binadamu amesimama. Ni lugha ya heshima mbele ya msiba, na haina ubaya. Ila tunayo pia zana ya pili, kiambishi -ka-, na hicho kinamfaa György vizuri sana: nikashuka, nikasimama, nikaulizwa, nikajibu, nikasogea. Kila -ka- ni hatua moja. Haielezi sababu wala haitabiri mwisho. Mtu aliyemo ndani ya -ka- hajui -ka- inayofuata itakuwa ipi. Sijui lugha nyingi zenye kiambishi kimoja kinachoweza kubeba falsafa nzima ya riwaya hii.

Jina la riwaya nalo litamtoa mtafsiri jasho. Kihungaria huambatisha viambishi kama Kiswahili, ingawa chenyewe huviweka nyuma. Sors ni hatima au ajali kwa maana yake ya zamani, -talan ni kukosa, na -ság hufanya kazi ya u- yetu katika “utu” na “ubaya”. Kwa Kiswahili tuna “majaaliwa”, “kudura”, “nasibu”, “ajali”. Shida ni kwamba “ajali” siku hizi ni ya matatu barabarani, na “majaaliwa” na “kudura” yanamtaja Mungu hata kama hutaki. Ningependekeza “Bila Majaaliwa”, nikijua kwamba neno hilo litakuja na harufu ya msikiti na kanisa. Labda si hasara. György anadai kwamba ikiwa kuna majaaliwa, basi hakuna uhuru, na ikiwa uhuru upo, basi majaaliwa hayapo. Neno lenye Mungu ndani yake litamfanya msomaji wa Kiswahili ahisi uzito wa kile kinachokanwa.

Tena majaaliwa anayovishwa mvulana si yake. Ni Myahudi kwa mujibu wa sheria za Budapest, lakini kambini anakutana na Wayahudi wanaozungumza Kiyidi, na kwa kuwa yeye haijui lugha hiyo, wanamkana kuwa si Myahudi. Nyumbani ni mgeni kwa sababu ni Myahudi, na hapa ni mgeni kwa sababu si Myahudi wa kutosha. Nyota aliyoshonewa kifuani haikumuuliza anazungumza lugha gani.

Msomaji atauliza: mbona tusimsome Elie Wiesel, anayejulikana zaidi? Tumsome, tena sana. Wiesel alizaliwa 1928 katika mji wa Sighet, akapelekwa Auschwitz Mei 1944 akiwa na miaka 15. Naye alinong’onezwa adanganye umri, aseme ana miaka 18. Babake alifia Buchenwald Januari 1945, naye mwenyewe alikuwa humo kambi ilipokombolewa Aprili 11, 1945. Kitabu chake kilitoka kwanza kwa Kiyidi mjini Buenos Aires mwaka wa 1956, kisha kwa Kifaransa, kikiwa kifupi zaidi, mwaka wa 1958. Wiesel anaandika kama shahidi aliyesimama mbele ya Mungu na kumdai jibu. Usiku wake ni usiku wa imani iliyovunjika. Kertész hana Mungu wa kumdai. Anayo foleni, sufuria ya supu na saa za kungoja. Tukimsoma Wiesel pekee, tunaweza kudhani kwamba manusura wote husema kwa sauti ya nabii. Wavulana wawili, mwaka mmoja, kambi zile zile, na bado kila mmoja alitoka na lugha yake.

Haina maana kwamba riwaya ya Kertész haina dosari. Kuna kurasa za Zeitz ambapo ubaridi wa msimulizi unazidi, na msomaji anaanza kuona mtindo badala ya mtoto. Pia katika mjadala wa mwisho na wazee, mvulana wa miaka 15 anapanga hoja kama mtu aliyetumia miaka mingi na wanafalsafa. Kertész alitafsiri Nietzsche na Wittgenstein kwa Kihungaria, na hapo mtafsiri amechungulia mlangoni mwa mhusika wake. Namsamehe, kwa sababu hoja yenyewe ililipiwa bei ghali. Aliiandika riwaya hii kwa zaidi ya miaka kumi, chini ya utawala wa kikomunisti. Mchapishaji wa kwanza aliikataa, na ilipotoka hatimaye haikushughulikiwa na wengi.

Lipo pia pingamizi zito zaidi. Mwishoni György anasema kwamba hata kule kando ya mabomba ya moshi kulikuwa na kitu kinachofanana na furaha, na kwamba akiulizwa tena, atasimulia hicho. Je, maneno haya hayawapi silaha wanaokana kwamba mauaji yalitokea? Sidhani. Anayekana hutaka kambi isiyo na maiti. Kertész ametuonyesha maiti, kisha akatuonyesha saa ile ya jioni kabla ya giza, kazi imekwisha, mvulana amekaa na rafiki aliyemfundisha kunawa kila siku na kubakiza kipande cha mkate. Ametuonyesha pia mwili unaobebwa kama mzigo, unaonusa supu na ghafla unataka kuishi kidogo zaidi. Aliyemtia mtoto huyo mahali ambapo harufu ya supu ndiyo furaha yote iliyobaki duniani ameshtakiwa vibaya zaidi hapo kuliko katika kurasa elfu za laana.

Ndiyo maana napenda riwaya hii isomwe na wanafunzi wetu wa fasihi, na siku moja itafsiriwe na Mswahili mwenye sikio. Atakayeifanya kazi hiyo asimsaidie mvulana kwa vivumishi. Asimwekee “kinyama”, “kikatili” wala “ya kutisha” mahali ambapo mwandishi hakuyaweka. Nasi tutakapokaa mbele ya mtu aliyenusurika, popote pale, tumuulize alikwenda wapi na alifanya nini, hatua kwa hatua, kisha tunyamaze. Jina la mahali alipotoka atatupa mwenyewe.